Naanza vipi kuandika hadithi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Haya ni maswali ambayo waandishi wapya wa Kusini wamekuwa wakiniuliza kwa miaka kadhaa sasa: kwenye baraza za Mikindani, ndani ya basi la Masasi, chini ya mwembe wa shule moja kule Nachingwea. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yenye utata. Kila jibu linajitegemea, na penye jambo lililokwisha kuelezwa nimekuelekeza kwa namba ya swali.

## Kabla ya kushika kalamu

1. Nimeishia darasa la saba. Naweza kuandika hadithi watu wakaisoma?

Unaweza. Wasimulizi bora niliowahi kukaa nao ni wazee ambao hata jina lao hawajui kuliandika. Wanajua waanzie wapi, wanyamaze wapi, na lini wakuache unahangaika kutaka kujua kilichofuata. Mambo hayo hawakuyapata shuleni, na wewe umeyasikia tangu utotoni. Tahajia na nukta zinafundishika ukubwani (tazama swali la 10). Sikio ndilo gumu kulipata, na mtu aliyekulia kwenye nyumba ya watu wanaosimuliana huwa nalo tayari.

2. Maisha yangu ni ya kawaida tu. Niandike nini?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na linaniuma kidogo kila ninapolisikia. Kijana wa Tandahimba ananiletea hadithi ya mpelelezi wa New York, mji asioujua hata harufu yake, wakati nyumbani kwao kuna gunia la korosho lililowagombanisha ndugu wawili kwa miaka sita.

Angalia tulicho nacho. Mjini Mtwara kuna kata inaitwa Reli, na treni haipo. Waingereza walijenga bandari na reli kwa ajili ya ule mpango wao mkubwa wa karanga wa Nachingwea. Mpango ukaachwa mwaka 1951, reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Jina limebaki. Ni nani aliyeiona treni ya mwisho ikipita shambani kwake? Kule Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, na vijana wa huku wakaibeba mpaka bandarini Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mmoja wa mijusi hiyo amesimamishwa leo kwenye makumbusho mjini Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Wageni wanampiga picha. Kijana aliyejitwika mfupa wa paja lake, usiku alilala wapi, na aliambiwa amebeba nini? Hiyo ni hadithi, na mwenye haki ya kwanza ya kuiandika ni mtu wa Lindi.

Si lazima iwe historia. Kuna feri ya Msangamkuu na watu wanaovuka nayo kila siku wakiwa na siri zao. Kuna kijana aliyeondoka Lindi kwenda kutembeza bidhaa Kariakoo, akakuta mjini wanamwita machinga, neno ambalo wengi husema lilitokana na watu wa kwao. Kuna mama anayeuza ming'oko stendi na kumjua kila kondakta kwa sauti.

Na usidhani waandishi wanazaliwa kwingine. Ebrahim Hussein, mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa tamthilia za Kiswahili, alizaliwa Kilwa mwaka 1943.

Ukikosa pa kuanzia, chukua karatasi uandike vitu vitano ulivyovishika leo kwa mikono yako. Kisha jiulize kipi kati ya hivyo kiliwahi kumliza mtu. Anzia hapo.

3. Nahitaji kompyuta?

Huhitaji. Kaunta buku moja na kalamu mbili zinatosha kwa hadithi kumi. Ukipenda kuandika kwenye simu, andika, ila kila Jumapili jitumie nakala kwa barua pepe. Nimeshuhudia mtu akipoteza kurasa 60 kwa sababu simu ilimponyoka ikadumbukia majini akishuka kwenye mtumbwi.

4. Muda naupata wapi? Nina shamba na watoto.

Andika kwa msimu, kama unavyolima. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, korosho zinapodondoka, hutaandika sana, na usijilaumu. Miezi hiyo kusanya tu: sentensi uliyoisikia mnadani, namna mtu alivyokunja stakabadhi yake na kuificha kofiani. Kilimo kikipoa, tafuta nusu saa isiyobadilika. Wengi wanafaulu alfajiri baada ya sala, kabla nyumba haijaamka. Nusu saa ya kila siku inakufikisha mbali kuliko Jumamosi nzima moja kwa mwezi, kwa sababu hadithi ikilala siku thelathini unairudia kama mgeni.

## Kutoka mdomoni hadi karatasini

5. Nikisimulia watu wanacheka mpaka machozi, nikiandika inakuwa baridi. Kwa nini?

Kwa sababu ukisimulia huwa hutumii maneno peke yake. Una mikono, una macho, unaigiza sauti ya shangazi, na waliokuzunguka wanakusaidia: ukisema "Paukwa!" wanakuitikia "Pakawa!", ukifika kwenye wimbo wanaupokea. Kwenye karatasi hayo yote yameondolewa. Mwanzaji hajui kwamba yameondolewa, basi anaandika maneno yale yale na kushangaa mbona yamekaa kama maiti.

Kazi yako ni kutafuta kitakachokaa mahali pa mikono na sauti. Mara nyingi ni kitu kinachoonekana, kinachonukia, kinachoshikika. Huyu ni mwandishi mpya akimweleza bibi yake:

"Siku moja bibi alikuwa anabangua korosho. Alikuwa amechoka sana na maisha yalikuwa magumu. Nilimwonea huruma."

Nilimwomba afumbe macho anieleze alichokiona siku ile, kitu kimoja baada ya kingine. Wiki iliyofuata akaja na hii:

"Bibi alitoboa debe kwa msumari, akalijaza korosho, akaliweka juu ya mafiga. Mafuta ya maganda yalipoanza kuchuruzika moto ukadaka, na moshi mweusi ukatufukuza wote isipokuwa yeye. Alipomaliza kuzigonga, punje nzima alizitenga za kuuza, zilizovunjika akanipa mimi. Ngozi ya kidole gumba chake ilikuwa imebanduka kama ganda la kitunguu. 'Kula,' akasema. 'Mimi nimeshiba moshi.'"

Neno "amechoka" halimo. "Magumu" halimo. Huruma haikutajwa, na kila niliyemsomea amenyamaza kidogo kabla ya kusema kitu. Ona pia kwamba mwandishi hakueleza kuwa mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Kidole gumba kimeeleza.

Kama hadithi yako ina wimbo, kama ngano nyingi za huku zilivyo, usiufute. Andika mistari miwili, iache irudi mara mbili au tatu mahali tofauti. Msomaji ataanza kuiimba kichwani bila kuombwa.

6. Lazima nianze na "Hapo zamani za kale"?

Kwa ngano ya wanyama au ya watoto, inafaa sana. Ni kama kubisha hodi. Kwa hadithi ya watu wa leo, ingia ndani moja kwa moja. Usianze na hali ya hewa wala jogoo kuwika wala mhusika kuamka na kupiga mswaki. Anza siku ile ambayo mambo yalikuwa tofauti na jana: "Mnunuzi wa kangomba alifika kabla mikorosho haijatoa maua." Msomaji wa Kusini tayari ameshtuka. Wa Kagera hajui kangomba ni nini (ni kununua korosho kwa mkulima nje ya mnada, kwa bei ya chini), lakini anahisi kwamba mtu huyu amewahi mno kufika.

Ukishindwa kupata mwanzo, andika tu. Mara nyingi mwanzo wa kweli umejificha aya ya tatu, na mbili za juu zilikuwa za kupasha mwili.

7. Kuna tofauti gani kati ya tukio na hadithi?

Tukio linatokea. Hadithi ina mtu anayetaka kitu, kitu kinachomzuia, na uamuzi ambao akishaufanya hawezi kuurudisha.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizoikata barabara ya Kusini pale Somanga, magari yakalala njiani. Hilo ni tukio, hata ukilieleza kwa kurasa ishirini. Sasa weka kwenye foleni ile mama mmoja mwenye ndoo tatu za pweza ndani ya barafu, mzigo alioukopea hela, na mteja anamsubiri Dar es Salaam. Kila saa barafu inayeyuka. Auze kwa abiria wenzake kwa bei ya hasara, au angoje? Dereva wa lori anasema anajua njia ya porini. Sasa unataka kujua kilichofuata.

Mfano mwingine, ambao nautumia sana kwa sababu kila mtu hapa anaujua. Somoe ana mikorosho arobaini aliyoachiwa na mama yake. Amekwisha kupuliza salfa kwa mkopo, ugonjwa wa ubwiri unga haukuipata mikorosho yake, mwaka utakuwa mzuri. Agosti mwanawe anaumwa. Mnunuzi wa kangomba anakuja na hela mkononi, anataka korosho ambazo bado ziko juu ya miti, kwa bei ambayo mnadani ni aibu kuitaja. Somoe anataka kusubiri mnada. Mjomba wake anasema mikorosho ni ya ukoo, si yake kuiweka rehani. Na mtoto anakohoa usiku kucha. Hapo una mtu, una kitu anachokitaka, una vizuizi viwili vinavyovutana, na lolote atakaloamua litamgharimu. Huhitaji jini wala bastola.

Wazee wetu wanaujua mpangilio huu. Katika simulizi ya asili ya Wamakonde, mtu wa kwanza aliyekuwa peke yake porini alichonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke. Walipozaa karibu na mto, mtoto hakuishi. Wakahama, wa pili naye hakuishi. Wakapanda juu kwenye uwanda, na wa tatu akaishi. Mara mbili wanashindwa, na kila wakishindwa wanabadilisha kitu. Mwanzaji hulisahau hilo la kubadilisha: mhusika wake anashindwa mara tatu kwa njia ile ile, halafu bahati inamwokoa.

8. Nitumie "mimi" au "yeye"?

Jaribu aya moja kwa kila namna, usome zote mbili kwa sauti. "Mimi" ina joto, lakini huwezi kuandika yasiyoonwa na huyo mimi. "Yeye" inakupa nafasi ya kuzunguka. Kosa linalorudiwa ni kuanza na "yeye" anayefuata mawazo ya Somoe, kisha ghafla tumo kichwani mwa mjomba, kisha mwa mnunuzi, yote katika ukurasa mmoja. Kaa na mtu mmoja mpaka sehemu iishe.

9. Wahusika wangu wazungumze Kiswahili cha vitabuni au cha mtaani kwetu?

Msimulizi chagua lugha yake uishike mpaka mwisho. Wahusika waache waseme kama wanavyosema. Lakini sikiliza vizuri, kwa maana mazungumzo ya kweli hayafanani na watu kupeana taarifa. Kijana wa Kimwera au wa Kimakonde hamwambii mjomba wake "Nimekataa." Atasema, "Mjomba, nimesikia," kisha atanyamaza, na siku tatu hataonekana pale nyumbani. Ukimwandika akibishana na mjomba uso kwa uso kama mtu wa kwenye filamu, msomaji wa huku atajua kwamba hukusikiliza. Kama kweli anabishana, basi hilo ni tukio kubwa, na kila aliyekaa barazani lazima ashtuke.

Maneno ya Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua yatumie pale Kiswahili hakina neno lenye uzito huo. Usiweke mabano ya kutafsiri. Fanya kitendo kieleze: "Alitoa ming'oko kwenye sufuria, akamenya mmoja, akauchovya kwenye chumvi ya pilipili." Msomaji wa Mwanza ambaye hajawahi kuuona ameshaelewa kwamba ni kitu cha kuchemsha cha kula kwa mkono, na hadithi haikusimama. Maneno mawili au matatu kwa ukurasa yanatosha.

Kila anayesema apewe mstari wake mpya. "Akasema" haichoshi, wanaochosha ni "alitamka", "alinena", "alibainisha" wanaopokezana bila sababu.

10. Kiswahili changu kina makosa. Nisubiri kwanza nikijue vizuri?

Usisubiri. Andika, kisha sahihisha. Tafuta kamusi ya Kiswahili sanifu; ukikosa ya kununua, nenda maktaba ya mkoa pale Mtwara ukaitumie mezani. Makosa ninayoyakuta zaidi kwenye maandishi ya huku ni machache na yanafunzika kwa mwezi mmoja: kuchanganya r na l, kuacha h mwanzoni mwa neno au kuiongeza isipokuwepo, na kutenganisha maneno yanayoandikwa pamoja ("ana kuja" badala ya "anakuja"). Tengeneza orodha ya makosa yako mwenyewe kwenye jalada la daftari. Ukimaliza rasimu, pitia ukitafuta hayo tu.

11. Hadithi yangu ya kwanza iwe na urefu gani?

Kurasa nne hadi nane za daftari. Wanaoanza na riwaya wengi huachia njiani, na wanachojifunza ni kuanza tu. Anayemaliza hadithi fupi tano amejifunza kumaliza mara tano.

12. Nimekwama katikati. Nifanye nini?

Mara nyingi umekwama kwa sababu mhusika wako amepata anachokitaka mapema mno, au hujui anataka nini. Rudi kwenye swali la 7, mwulize Somoe wako: unataka nini, na leo ni nani amesimama mlangoni? Njia nyingine inayonisaidia sana ni kuacha karatasi na kumsimulia mtu hadithi mpaka pale nilipofika. Akiuliza "Enhe?", mdomo unaendelea wenyewe, na ninakimbia kuandika nilichokisema kabla hakijapotea. Tumekulia kwenye kusimulia. Tukikwama ni haki yetu kurudi huko.

13. Lazima hadithi iishe na funzo?

Ngano za kufundishia watoto zina desturi hiyo, na inakaa vizuri. Kwa hadithi nyingine, sipendekezi. Ukimaliza na "Hivyo tusiwe na tamaa," umemwambia msomaji kwamba kurasa sita alizosoma zilikuwa za kumzungusha tu. Maliza kwenye kitendo cha mwisho chenye uzito. Somoe ameuza kwa kangomba. Novemba anaokota korosho zake mwenyewe kwa ajili ya mtu mwingine, na mwanawe aliyepona anamsaidia, anahesabu kwa sauti, anafurahi kwamba zimekuwa nyingi. Simama hapo.

## Kusahihisha

14. Niandike rasimu ngapi?

Angalau tatu. Ya kwanza andika bila kufuta. Iache siku kumi. Ya pili ni ya hadithi yenyewe: kuna mtu asiye na kazi humu, kuna sehemu inayorukwa? Ya tatu ni ya lugha.

Katika zote soma kwa sauti, na ukiwa umesimama. Mahali utakapokosa pumzi, sentensi ni ndefu. Mahali ulimi utakapojikwaa, kuna neno halijakaa sawa. Mahali utakapojikuta unaongeza kitu ambacho hakipo kwenye karatasi, kiongeze: huo ni mdomo wako unajua kilichopungua. Njia hii sijapata kuona nyingine inayoishinda.

15. Nani anisomee?

Si mama yako, maana atasifu, wala si mtu ambaye naye anaandika na hajamaliza kitu. Tafuta mtu mmoja anayependa hadithi na asiyekuogopa. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize: ulichoka wapi, ulichanganyikiwa wapi, unamkumbuka nani? Akijibu, usijitetee. Andika alichosema, sema asante, nenda nyumbani. Baadhi utayatupa, ila uyatupe kesho.

## Penye utata

16. Hadithi inahusu ndugu zangu. Wakijitambua je?

Watajitambua, na hata ambao hukuwaandika watajitambua. Badilisha jina, kazi, kijiji na umri, na zaidi ya hayo changanya watu wawili kuwa mmoja. Mjomba mwenye ukali wa mjomba wako na mguu mbovu wa jirani ni mhusika sasa, si mtu tena. Kama kiini cha hadithi ni siri ambayo mtu alikwambia wewe peke yako, kamwombe ruhusa ana kwa ana. Akikataa, iache. Huku tunaishi karibu sana; utakutana naye msibani.

Kwa tukio lililoumiza watu wengi, kama vurugu za gesi za Mei 2013 hapa Mtwara, kuna familia ambazo bado zina vidonda. Andika upande wa binadamu mmoja na unachokijua kwa hakika, na usimbebeshe mtu halisi kosa usilo na ushahidi nalo.

17. Naweza kuandika kuhusu unyago na jando?

Swali hili huletwa na wasichana zaidi, na huliuliza kwa sauti ya chini. Jibu langu: yanayofundishwa ndani yana wenyewe, na si ya kutoa nje. Lakini pembeni ya mlango ule kuna hadithi nyingi ambazo hazivunji kitu. Mama anayehesabu siku. Mdogo mtu aliyeachwa nje na kuona dada yake ametoka mwingine, hataki tena kucheza naye rede. Ugomvi wa nani atalipia kanga za siku ya kutoka. Binti mwenye mtihani wiki ile ile. Mlango uliofungwa una nguvu kwenye hadithi kuliko ukiufungua.

Ukitaka kusogea karibu zaidi ya hapo, mwulize kungwi wa kwenu kipi kinasemeka. Makungwi niliowajua ni watu wa maneno, na wengi wanafurahi kuulizwa kwa heshima.

18. Bibi alinisimulia ngano. Nikiiandika ni yangu?

Ngano ni ya jamii. Maneno yako uliyoyapanga wewe ndiyo yako. Andika mwanzoni kwamba uliisikia kwa nani na wapi ("kama alivyoisimulia bibi yangu, Newala"), kwa idhini yake. Na isikilize zaidi ya mara moja: mara ya pili bibi atabadilisha kitu, na pale alipobadilisha ndipo penye uhai.

19. Nataka kuandika hadithi ya Vita vya Maji Maji. Nianzie wapi?

Anza na mtu mmoja na siku moja. Vita vilianza mwaka 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, Kilwa, kwa watu waliokuwa wakilazimishwa kulima pamba, vikaenea Kusini hadi mwaka 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi sana. Hayo yote hayaingii kwenye kurasa nane. Mama aliyeficha mbegu ili zisichomwe anaingia. Tarehe na mahali vihakikishe kwenye vitabu vya historia. Mawazo na maneno ya mama huyo ni yako kubuni. Kinjikitile na viongozi wengine wa kweli waache wapite kwa mbali, mpaka uwe umesoma vya kutosha.

## Kuitoa nje

20. Nikiituma kwenye kundi la WhatsApp, si wataiiba?

Inaweza kunakiliwa, kweli. Lakini hakimiliki ni yako tangu ulipoiandika, kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Ukitaka ushahidi wenye nguvu, sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Weka rasimu zako zenye tarehe. Daftari lenye mikwaruzo ni shahidi mzuri. Kwa mwanzaji, kutosomwa na mtu yeyote ni hasara kubwa kuliko kuibiwa.

21. Nichapishe wapi?

Anza na wasikilizaji: darasa la mtoto wako, kipindi cha redio ya hapa hapa, ubao wa matangazo wa chuo. Kisha mashindano, yanakupa tarehe ya mwisho na urefu maalumu. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2023. Ipo pia tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, kwa wenye mswada mrefu. Soma masharti neno kwa neno.

Ukitaka kujichapishia kitabu, namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Na tafadhali, usilipe mchapaji hela yote mwanzoni. Mimi nililipa yote kwa mchapaji mmoja, nikaletewa nakala 200 zenye kurasa kumi na sita zilizojirudia na mwisho wa hadithi haumo. Siku hizi nalipa nusu, naomba nakala moja ya mfano, naisoma ukurasa kwa ukurasa, ndipo namalizia.

22. Nitapata hela?

Mwanzoni kidogo au hakuna. Usiuze korosho za mwaka huu ili uchapishe kitabu. Wanaopata kitu huku wanapata kwa njia za pembeni: kuandika igizo la redio, kuandikia watu risala za harusi, kufundisha, kuuza vijitabu vya watoto mashuleni mkono kwa mkono.

23. Mwanangu wa darasa la tano ndiye anayeandika. Nimsaidieje?

Mnunulie daftari lisilo la shule. Usimsahihishe tahajia wiki za mwanzo. Soma alichoandika ukiwa umekaa, simu umeiweka chini, kisha muulize kitu kimoja tu ambacho kweli unataka kukijua.

Binti mmoja wa Mikindani alinionyesha ukurasa kuhusu ngalawa ya baba yake iliyorudi asubuhi bila tanga. Nilimuuliza tanga lilikwenda wapi. Akanitazama, akafunga daftari, akaondoka bila kujibu. Ijumaa iliyofuata alirudi na kurasa nne.